Mjadala: Mgeni anayeishi kando ya Ziwa Victoria alazimishwe kujiandikisha ukaazi?

Wakuu, tangu ile amri ya Julai 2025 inayokataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ukiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na ununuzi wa mazao shambani, huku Mwanza mazungumzo yamegeukia jambo lililo nyuma yake: nani anaishi hapa, na ameandikwa wapi? Kwenye mkutano wa mtaa wetu, Ilemela, watu waligawanyika. Wapo wanaotaka kila mgeni mkaazi aandikwe kwa lazima. Wapo wanaosema ziwa halijawahi kuwa na geti, na kuandika watu ni kuwaandalia msako. Natoa msimamo wangu, mnipinge kwa hoja.

Mimi nasema aandikwe. Na nasema hivyo kwa faida ya mgeni mwenyewe kabla ya faida ya Serikali.

Kisheria hakuna ubishi mrefu. Chini ya Sheria ya Uhamiaji ya 1995, mwekezaji au aliyejiajiri anahitaji kibali cha ukaazi Daraja A, mwajiriwa Daraja B, na watafiti, wamisionari na wanaojitolea Daraja C. Mwajiriwa anatakiwa pia kuwa na kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya 2015. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, nao wanatoa kitambulisho cha mgeni mkaazi, tofauti na cha raia. Kwa hiyo ulazima upo. Ubishi uliobaki ni kama unamfikia mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Maana tazameni wanaoandikwa ni kina nani. Daktari wa kigeni, mhandisi wa mgodini Geita, mhadhiri wa chuo: nyuma yao kuna ofisi, na ndani ya ofisi kuna mtu wa utumishi anayejaza fomu, anayelipa ada kwa dola na kukumbuka tarehe ya kibali kuisha. Sasa nenda Mwaloni Kirumba asubuhi. Yuko Mkongo anayenunua kayabo, yaani samaki wa chumvi waliokaushwa, yuko Mrundi anayeshona magunia ya dagaa, yuko kijana aliyepitia Sirari, mpakani na Kenya, akapata kibarua cha kutengeneza nyavu. Hawa hawana ofisi. Kibali cha daraja lolote kwao ni habari ya watu wengine.

Nitoe mfano ninaoujua. Kuna mama wa Kirundi hapo Kirumba, muuza dagaa. Mgeni husajili laini kwa pasipoti, na yeye aliingia na karatasi ya muda iliyokwisha zamani, kwa hiyo akawa anatumia laini iliyosajiliwa na mwenye nyumba wake. Mauzo yake yote yalikuwa yanaingia humo. Akienda kutoa hela, kwa wakala linatokea jina la mwanamume. Siku walipokosana kwa kodi ya chumba, mwenye nyumba alikwenda kuomba laini mpya ya namba ileile. Ya mama ikazimika na mtaji ukahamia mfukoni mwa baba mwenye nyumba. Mama hakwenda polisi. Angeanza kujieleza vipi? Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyewakalisha chini, mama akarudishiwa sehemu, iliyobaki ikahesabiwa kodi. Kila mtu pale alijua amedhulumiwa, na hakuna aliyeweza kumsaidia zaidi ya hapo, kwa sababu kwenye karatasi yule mama hayupo Mwanza.

Sasa nije kwa wanaopinga.

Wengine wanaleta undugu: Wajaluo wa Rorya kwetu na wa Migori kule Kenya ni watu wamoja, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu 1 Julai 2010. Sawa, ila Itifaki hiyohiyo inayotoa haki ya kukaa inataja kibali cha ukaazi. Na hata kabla ya itifaki, mgeni akikaa kwako siku kadhaa ulimpeleka kwa balozi wa nyumba kumi akatambulishwa. Hakuna aliyeona hilo ni kuvunja undugu.

Hoja nzito ni ya hofu, na sitaki kuipita haraka. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji hao, katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Waliondolewa watu walioishi huku miongo, waliooa na kuzaa huku. Familia zikakatika, mume Mtanzania kabaki, mke kavushwa kwenda Rwanda. Anayekumbuka hayo akiniambia hataki jina lake liingie kwenye daftari la Serikali, namwelewa kabisa. Lakini kutoandikwa hakukumficha mtu. Jirani anakujua na mjumbe anakujua. Kilichokosekana siku ile ni karatasi ya kuonyesha umeingia lini, unaishi wapi na nani.

Uingereza nako yamewakuta. Watu wa visiwa vya Karibiani walioingia na kufanya makazi kabla ya 1973 walikuwa na haki ya kukaa, ila wengi hawakupewa hati ya kuithibitisha. Kadi zao za kushukia melini zikaja kuharibiwa mwaka 2010. Sheria zilipokazwa, wazee wakapoteza kazi, wakanyimwa matibabu, wengine wakarudishwa visiwani, hadi Waziri Mkuu Theresa May alipoomba radhi mwaka 2018. Haki walikuwa nayo, ushahidi hawakuwa nao.

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki. Daftari la wageni wakaazi liwe kwa mtendaji wa mtaa, bure, kwa wote, mzungu wa Capri Point na Mkongo wa Kirumba wakae kitabu kimoja. Jina lako, ulikotoka, ulipofikia, tarehe. Karatasi hiyo isiwe kibali, iwe ushahidi. Atakayejitokeza mwenyewe apewe muda wa kutafuta kibali bila kukamatwa, na kwa jirani wa Afrika Mashariki mwenye biashara ya gunia mbili tatu, ada iwe ya kulipika. Mtendaji atakayeomba hela ya soda ili aandike jina afukuzwe kazi, kwa sababu huyo ndiye atakayewarudisha watu kujificha. Mkiacha masharti hayo mkabakiza neno "lazima" peke yake, mimi naungana na wanaopinga.

Panaponisumbua ni visiwani. Mvuvi wa leo yuko Ukara, kesho samaki wakihama yuko Goziba, na mtendaji wa kijiji alikolala jana hamjui hata kwa sura. BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi kwenye mialo, zinawajua wenye mitumbwi, lakini kibarua anayevuta nyavu hana mtumbwi, na bosi wake anaweza kumkana siku ya ukaguzi. Mliokaa kambi za wavuvi za Ukerewe na Muleba, semeni: huyu aandikwe na BMU au na kijiji, na akihama kambi karatasi yake imfuate vipi?