Naomba ushauri: kiungulia kinaninyima usingizi

Habari zenu wapendwa. Niko mwaka wa 2 chuoni, nakaa hosteli hapa Ngara, Nairobi. Asubuhi natoka na chai ya rangi tu, mchana smoki (soseji) na yai la kuchemsha kando ya barabara, usiku kahawa kali nisome mpaka saa 8. Sasa ni wiki 3 kifua kinawaka nikilala. Juzi niliamka na maji machungu mdomoni, nikakaa kitandani nimeegemea ukuta hadi kukapambazuka. Niliogopa sana.

Nimeacha pilipili, nimejaribu maziwa. Nafuu haidumu hata saa moja. Hosteli hairuhusu kupika.

Je, nikapimwe bakteria wa tumbo kwanza, au nibadilishe ulaji nione? Na kwa shilingi 200 kwa siku, chakula gani cha kibandani hakitanichoma?