Ile benki yenu inanikata kila mwezi, leo wamenicheka kaunta!

Wakuu, natoka huko sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Benki mnaijua. Ile yenye madirisha nane na mhudumu mmoja.

Nimechukua taarifa ya akaunti, nakuta "bima" 4,000. Mwezi wa nyuma yake 4,000. Nikashuka nayo mpaka chini: miezi 14! Elfu hamsini na sita imeondoka na sijawahi kuomba bima yoyote. Bima ya nini, ya pumzi?

Nimekaa foleni mpaka ndevu zimeota. Nafika, yule dada anaangalia kompyuta, ananiangalia mimi, halafu kwa sauti ya kusikika hadi kwa mlinzi getini: "Baba, yaani umepanda daladala toka Mbagala kwa ajili ya elfu nne?"

Foleni nzima ikacheka! Kuna mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

Nauliza nani aliidhinisha, naambiwa nilibonyeza moja kwenye simu. Lini? "Mfumo ndio unaonyesha hivyo." Basi itoeni. "Andika barua, meneja yuko kikaoni." Kuingia ni kubonyeza moja, kutoka ni barua! Hayo ningemeza. Lakini toka Mbagala? Mbele za watu? Elfu nne kwangu ni unga na mboga, watoto wanalala wameshiba. Umepanda daladala kwa ajili ya elfu nne! Dada, ningekuja hata kwa miguu!

Kisiki cha Mpingo: Pole mkuu. Mimi walinikata ada ya kadi niliyoirudisha mwenyewe mkononi mwao.

Bibi Harusi Mstaafu: Miezi 14 hujaangalia salio? Wewe hela unazo, acha kutulilia.

Mleta uzi: Meseji zao haziji, na hizo meseji nakatwa pia!

Jembe Halimtupi: Chai hii. Weka picha ya taarifa.

Mtu wa Kaunta: Andika malalamiko hapo benki kwanza, nakala yako wagonge muhuri wa kupokea. Wakikuzungusha, peleka Benki Kuu. Kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019. Usiishie kupiga kelele dirishani.

Mleta uzi: Nimekusoma mkuu, barua naandika leo. Ila hiyo "toka Mbagala" umeisikia lakini? Angesema toka Masaki?

Bibi Harusi Mstaafu: Wa Masaki hapandi daladala.

Kisiki cha Mpingo: Na kila ada ya benki ina VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa asilimia 10. Unakatwa, halafu kile ulichokatwa nacho kinakatiwa.

Dagaa Mchele: Benki afadhali. Mimi kwenye simu nakatwa kila siku kwa ajili ya wimbo wa kuwaburudisha wanaonipigia. Mama mkwe kapiga, kakutana na singeli!

Jembe Halimtupi: Mkwe kasemaje?

Dagaa Mchele: Hajapiga tena.

Mpangaji Mtiifu: Nyie wote hamjakatwa. Mimi ni mpangaji, tangu 2021 nalipa kodi ya jengo kila nikinunua umeme wa LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Nyumba si yangu! Nikimwambia mwenye nyumba anirudishie, anasema niwashe taa chache.

Bibi Harusi Mstaafu: Mwenye nyumba huyo ni ndugu yake wa kwangu. Maji anafungua saa tisa usiku.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Yule dada aliponiambia umepanda daladala...

Mpangaji Mtiifu: Saa tisa una bahati. Wa kwangu koki iko chumbani kwake, na kasafiri.