Mdogo wangu anabwia unga, soba hausi imeshindikana. Temeke naanzia wapi?

BintiTandika
Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, najua ni ndefu.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 27, kitinda mimba wetu. Alikuwa konda wa daladala. Alianza na bangi, baadaye wenzake wakamfundisha kuichanganya na unga, yaani heroini, wanaita kokteli. Sasa hivi ni unga mtupu, mwaka wa nne huu. Sindano anasema hachomi. Nimeikagua mikono yake akiwa amelala, sijaona alama, ila nasikia wengine wanachoma mguuni au kinenani, kwa hiyo siapi.

Jumamosi iliyopita nimetoka sokoni saa tano asubuhi nikakuta sufuria ya maharage iko chini sakafuni, bado inatoa mvuke. Mtungi wa gesi haupo. Alisubiri mama aingie kuoga. Mama hakulia wala hakufoka. Aliwasha mkaa, akabandika maharage yake tena, akaendelea kuyapika. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu.

Mwaka jana ukoo mzima tulichanga tukampeleka soba hausi moja, nyumba ya kuwaachisha mateja (jina siliweki), laki tatu kwa mwezi, miezi minne. Alitoka amenenepa, anaswali swala tano, tukasoma na dua ya shukrani. Siku ya tisa akarudi maskani, kijiweni kwa mateja wenzake. Tulipombana akasema kule wenye arosto, yale mateso ya kukosa unga, walikuwa wanamwagiwa maji ya baridi usiku, na anayelalamika anafungiwa chooni. Dawa hakuna, daktari hajawahi kumwona hata siku moja. Teja ana maneno mengi, najua, lakini kovu la kwenye kifundo cha mguu nimeliona kwa macho yangu.

Sasa nasikia kuna dawa ya kunywa pale hospitali ya Temeke. Ni kweli ni bure? Naanzia wapi? Na mama anauliza: si ndiyo anatoka kwenye ulevi mmoja anaingia mwingine?

Mzee wa Kigogo
Binti, huyo mkabidhi polisi akakae ndani miezi sita. Atanyooka. Mtaani kwetu yupo mmoja alinyooka hivyohivyo.

Soba2014
Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, hapo nakupinga, maana hiyo dawa yako niliinywa.

Nimekuwa teja miaka 11, Kinondoni. Nikaswekwa ndani, na arosto iliniishia mlemle kwenye sakafu ya saruji: kuharisha, kutapika, miayo isiyokatika, mifupa kama inasagwa. Wiki moja hivi ikapita. Kwa hiyo kuacha niliacha, mzee. Shida ilikuja nilipotoka. Siku hiyohiyo nikavuta kiasi kilekile nilichokuwa nimekizoea, wakaniokota nyuma ya kibanda cha chipsi midomo imegeuka rangi. Mwili ukikaa wiki kadhaa bila unga unasahau ule uzito. Ukirudi na kipimo cha zamani unazimika jumla. Nimezika wenzangu watatu kwa mtindo huo, wote walikuwa wametoka jela au soba hausi karibuni.

Dada, ile siku ya tisa aliporudi maskani ndiyo ilikuwa hatari kuliko miaka yote minne. Mshukuru Mungu yuko hai.

Sasa swali lako. Ndiyo, Temeke ipo, na ni bure. Dawa yenyewe ni methadone. Muhimbili ndiyo walitangulia, Februari 2011, halafu Mwananyamala, halafu Temeke. Mimi nilianza Mwananyamala mwaka 2014. Unafika dirishani, nesi anakutafuta kwenye orodha, anakupimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, unainywa mbele yake na unamjibu maneno mawili matatu ili aone umemeza kweli. Basi, umemaliza. Kesho tena. Jumapili tena. Idi na Krismasi tena.

Kuhusu ulevi mwingine, mwambie mama hivi: kete moja ya unga inakuchukua saa chache, halafu unaanza kuwaza nyingine utaipata kwa mtungi wa nani. Kikombe kile kinakata arosto siku nzima. Ukishafikishwa kwenye dozi yako hulewi wala huoni nyota. Mimi mara ya kwanza nilishtuka ilipofika saa kumi jioni nikagundua tangu asubuhi sijawaza unga. Nilikuwa nimekaa tu naangalia watu wanacheza drafti.

MlokoleHalisi
Mpeleke kwenye maombi dada. Yesu anafungua vifungo vyote.

BintiTandika
Ahsante mpendwa. Sisi Waislamu, kwa shehe tumeenda, na kwa mganga wa Mkuranga tumeenda pia, kuku wawili weusi. Sikatai dua, naongeza tu hospitali.

Soba2014 umenitoa machozi. Ila sijaelewa: namchukua tu naenda naye, au kuna barua?

Soba2014
Njia ni mbili. Kuna wahamasishaji wa asasi wanaopita maskani, wengi ni mateja wa zamani, wanawajua vijana kwa majina. Hao ndio wanaowaandaa na kuwapeleka kliniki. Mdogo wako huenda anawafahamu ila hakwambii, muulize. Njia ya pili, nendeni wenyewe asubuhi, ulizeni kliniki ya methadone, watakwambia utaratibu wao. Kuna namba ya bure pia ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, 119. Usiogope kwamba ukipiga watakuja na pingu. Waulize tu huduma iliyo karibu.

Watamhoji, watampima mkojo kuhakikisha kweli anatumia unga, watampima na Ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini. Sharti kubwa ni yeye mwenyewe akubali. Ukimburuta kama mbuzi ataenda siku mbili.

Na tahadhari: dozi ya kwanza ni ndogo, wanaipandisha polepole. Wiki mbili za mwanzo arosto itakuwa inamchungulia bado. Hapo ndipo wengi wanakimbia na kusema dawa ni maji matupu. Mwambie mapema.

Nesi Mstaafu
Nimefanya kazi jirani na huduma hii, niongeze yale ambayo ndugu hawaambiwi wakaelewa.

Kwanza, pombe na valiamu juu ya methadone ni hatari kweli. Vyote vinapunguza pumzi, vikikutana mtu analala haamki. Kama ana tabia ya kumeza vidonge vya usingizi, waambie kliniki bila kuficha.

Pili, akiruka siku, asijidai. Siku tatu mfululizo akikosa, dozi inaangaliwa upya, na akizidisha siku hizo anaanzishwa chini. Si adhabu, ni kwa sababu ileile aliyoieleza Soba, mwili unasahau.

Tatu, na hili wengi linawapita: akikutwa na kifua kikuu akaanzishwa dawa, ile rifampisini inaichoma methadone mwilini haraka. Mgonjwa anaanza kupata arosto saa za jioni, ndugu wanadhani anadanganya ili aongezewe. Hadanganyi. Arudi aseme, dozi itapandishwa.

Mama muulize hivi: jirani mwenye presha anayemeza kidonge kila siku, naye amelewa?

MamaJunior
Samahani dada kuingilia uzi wako, imenigusa. Kwangu mimi tatizo ni mume, anakunywa pombe. Siku za viroba, ile pombe kali ya pakiti, alikuwa anaviweka mfukoni kama pipi. Vilipopigwa marufuku 2017 nikashukuru, kumbe akahamia gongo. Naye anaweza kupewa hiyo methadone? Juzi aliamua kuacha mwenyewe, leo siku ya pili, anatetemeka hata kikombe cha chai hakishiki, na usiku kaniambia kuna siafu wanapanda ukutani. Nimemfungia chumbani asitoroke.

Nesi Mstaafu
MamaJunior, fungua mlango sasa hivi umpeleke hospitali iliyo karibu. Usisubiri asubuhi.

Methadone si ya pombe, ni ya unga na jamii yake, ondoa hilo kichwani. Na watu wengi hawajui kwamba arosto ya unga inatesa, lakini arosto ya pombe ndiyo inayoua kirahisi. Mlevi wa miaka mingi akikata ghafla, ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege, halafu anafuata kuweweseka, anaona wadudu, joto linapanda, moyo unakimbia. Hao siafu ni dalili, si ukorofi. Hospitali wanampa dawa za kutuliza kwa kipimo na kuzipunguza siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ili ubongo usiharibike. Waambie wazi: anakunywa kiasi gani, na ameacha lini. Usione aibu ukasema ni malaria.

Akishatulia ndiyo mtauliza kitengo cha afya ya akili, hospitali za rufaa za mikoa wanacho. Muhimbili wapo, Dodoma ipo Mirembe. Vikundi vya AA vipo Dar, wanakaa walevi wenyewe wanasimuliana. Lakini leo ni hospitali kwanza.

MamaJunior
Tunatafuta bajaji.

Kisauni Kwetu
Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu nako unga umetumaliza vijana, ndugu yangu. Kliniki za methadone ziko Kisauni, Malindi na hata Kwale pale Kombani, na Nairobi wako Mathari. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Neno langu ni moja, kuhusu hizi rihabu za kulipia: mwenye rihabu mwitishe leseni ya NACADA kabla hujatoa hata shilingi. Kuna mtu alikodi nyumba ya vyumba vitatu, akatia geti, akaita rihabu. Mpwa wangu alikaa humo akifua nguo za mwenye nyumba.

Soba2014
Kisauni umesema. Hata huku, mimi sizichukii soba hausi, moja ilinisaidia sana baada ya dawa kunikaa sawa. Lakini muulize mwenye nyumba mgonjwa akizidiwa usiku anampeleka hospitali gani na kwa gari gani. Muulize kama ndugu wanaruhusiwa kumwona mtu wao peke yake, bila msimamizi kusimama pembeni. Akikwambia mwezi wa kwanza hakuna kuonana kabisa, chukua mtu wako. Na muulize akitoka, wiki ya kwanza anamfuatilia nani? Dada, ninyi mlipewa mtu aliyenenepa mkaachiwa mlangoni.

Mchangiaji Huru
Jambo dogo ila linaua safari: nauli. Kaka yangu alikuwa anatoka Mbagala ndanindani, kila siku kwenda na kurudi. Mwezi wa pili nauli ikamshinda, akakosa siku moja, siku moja ikawa wiki. Dada wewe uko Tandika, Temeke hospitali ni mguu tu. Hiyo ni bahati kubwa kuliko unavyofikiri. Na usimpe nauli mkononi.

BintiTandika
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, sikupotea.

Nilimuuliza kuhusu wahamasishaji kama Soba alivyosema. Akacheka, akataja jina la mmoja papo hapo, kumbe yule kijana amemfuata maskani tangu mwaka juzi na yeye anamkwepa. Tulikubaliana tukutane naye pale kwa muuza kahawa. Nilikaa meza ya pili nikijifanya nasoma simu. Waliongea kama nusu saa, sikusikia hata neno. Aliporudi akasema, "Dada, twende Jumatatu."

Ilichukua siku kadhaa za mahojiano na vipimo. Kifua kikuu hana. Kwenye chumba cha mahojiano ndipo nilipojua sindano anachoma, tangu mwaka jana. Niliinama tu. Yule dada wa kliniki aliendelea kuandika kama ameambiwa bei ya nyanya, na nadhani hilo ndilo lililomfanya mdogo wangu aendelee kusema.

Leo ana siku ya 12 ya dawa. Siku ya nne alitoroka mchana akavuta, akarudi akamwambia nesi mwenyewe, hawakumfukuza. Tangu wapandishe dozi analala. Mama anamsindikiza asubuhi, wanatembea, anasema ni mazoezi ya presha yake. Mtungi hatujanunua, tunapikia mkaa bado. Sitaki kumtega.

Nina swali moja. Choo hapati, siku ya tatu leo, na anatoka jasho usiku mpaka shuka inaloa. Kawaida?

Nesi Mstaafu
Hongereni sana. Vyote viwili ni vya dawa. Maji mengi, papai, mboga za majani, na hako katembezi ka asubuhi kasikatishwe. Ikifika siku ya nne au ya tano bila choo waambie dirishani, wana dawa ya kulainisha. Kusinzia kidogo mchana si tatizo, ila ukimkuta anakoroma kwa sauti nzito, ukimtikisa haamki, na midomo inabadilika rangi, mkimbize palepale Temeke usiku huohuo.

MamaJunior, bado uko? Mzee aliendeleaje?

MamaJunior
Nipo mama. Alipata degedege tukiwa mapokezi, hata faili halijaandikwa. Walimlaza siku sita. Sasa yuko nyumbani, wiki ya tatu hajagusa. Jumanne tuna kliniki. Anauliza kama soda ya tangawizi inaruhusiwa, nimemwambia nitakuuliza.

Nesi Mstaafu
Inaruhusiwa. Anywe tu.