Mjadala: Je, James Wong Howe alipewa haki yake Hollywood?

Msomi wa Pangani

Ndugu zangu, naileta hoja hii kwa sababu kila tunapozungumzia filamu za zamani za Marekani, majina yanayotajwa ni ya waongozaji na waigizaji, na mara mojamoja hutajwa mpigapicha Gregg Toland kwa ajili ya *Citizen Kane* ya mwaka 1941. James Wong Howe, aliyepiga picha za filamu zaidi ya 130 tangu enzi za filamu zisizo na sauti hadi mwaka 1975, hupitwa kimyakimya. Alizaliwa Taishan, kusini mwa China, mwaka 1899, akapelekwa Marekani akiwa na umri wa miaka 5, akakulia Pasco katika jimbo la Washington, akawa bondia wakati wa ujana wake, kisha akaingia studio ya filamu ya Lasky kwa kazi za chini kabisa za chumba cha kamera. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mara 10 akashinda mara 2, kwa *The Rose Tattoo* ya mwaka 1955 na *Hud* ya mwaka 1963. Je, mtu huyu alipewa haki yake, au ubaguzi wa nchi ile ulimnyima sehemu kubwa ya kile alichostahili? Mimi nasema alinyimwa, na niko tayari kuitetea kauli yangu.

Mizani

Ndugu Msomi, umeandika vizuri, lakini hesabu zako mwenyewe zinakupinga. Mtu aliyeteuliwa mara 10 na kufanya kazi kwa zaidi ya nusu karne, akiajiriwa na studio kubwa kama MGM, Fox na Warner, hawezi kuitwa mtu aliyenyimwa. Wako wapigapicha wazungu waliozeeka kazini bila kuteuliwa hata mara moja, na hakuna anayewafungulia mjadala. Tena tusisahau kwamba jina lake lilijengwa na bahati. Mwigizaji Mary Miles Minter alikuwa na macho ya buluu yaliyokuwa yakitoka meupe kwenye filamu za wakati ule. Howe akampiga picha ya mnato, macho yakatoka meusi kwa sababu tu palikuwa na kitambaa cheusi mbele yake, na binti yule akataka kijana huyo awe mpigapicha wake. Kitambaa kingekuwa cheupe siku ile, leo tusingelijua hata jina lake.

Taa ya Ngamiani

Maneno ya Bwana Mizani nimeyasoma mara mbili ili nihakikishe kwamba sikumwelewa vibaya. Mimi naishi kwa kamera, napiga picha za harusi na mahafali, na siwezi kunyamaza nikisikia kazi kama ile inaitwa bahati.

Ukanda wa filamu wa kamera wa wakati ule, ulioitwa othokromatiki, haukuona rangi nyekundu na uliona buluu kupita kiasi. Ndiyo maana mbingu zilitoka nyeupe tupu, midomo yenye rangi nyekundu ikatoka myeusi, na mwenye macho ya buluu akaonekana kama kipofu. Sasa, jicho ni kioo. Bibi harusi akitazama dirisha la ukumbi, ukiisogelea picha yake utaliona dirisha zima ndani ya mboni, na nondo zake ukitaka utazihesabu. Minter alipomuuliza Howe amewezaje kuyatia giza macho yake, ilimbidi Howe arudi pale alipompigia, asimame, atazame ni nini kilichokuwa mbele ya uso wa binti yule, ndipo akagundua kwamba mahameli nyeusi ndiyo iliyokuwa ikijionyesha machoni. Baada ya hapo akaunda fremu, akaitandika mahameli hiyo, akatoboa katikati tundu la lenzi, na kwa njia hiyo akaipiga *Drums of Fate*, filamu iliyotoka mwaka 1923. Ni wangapi waliokuwa wamepiga picha mbele ya vitambaa vyeusi kabla yake wasione kitu? Tukio la kwanza unaweza kuliita bahati ukipenda, lakini filamu nzima iliyopigwa kwa makusudi haiwezi kuwa bahati.

Mizani

Bwana Taa, hasira si hoja. Umekiri mwenyewe kwamba ilimbidi arudi kutafuta sababu, maana yake mara ya kwanza hakujua alichokifanya. Kinachotokea bila kukusudiwa ni bahati, na kukitumia baadaye ni akili. Akili yake sijaikana popote, kwa hiyo usinijibu kwa jambo ambalo sikulisema.

Bintishomvi

Mnagombania kitambaa na mwenye macho mmemsahau. Minter alikuwa nyota, na ombi la nyota lilikuwa na uzito ambao ombi la kijana wa chumba cha kamera lisingekuwa nao kamwe. Bila mwanamke yule kusema kwamba anamtaka mtu huyu, Howe angeendelea kubeba vifaa vya watu wengine kwa miaka mingi. Msisahau pia kilichofuata. Mjini ukaenea uvumi kwamba Minter amejiletea mpigapicha wake kutoka China, mtu wa ajabu anayejificha nyuma ya pazia jeusi. Kijana aliyekulia Pasco na kusoma katika shule za Marekani akageuzwa kuwa mfanya mazingaombwe kwa sababu ya sura yake. Uvumi huo ulimpatia kazi, kwani nyota wengine wenye macho ya rangi hafifu nao walimtaka, lakini mimi naona uchungu mkubwa katika kupata mkate kwa kuonwa kama kioja, na ningependa Bwana Mizani atueleze kama hiyo nayo anaihesabu kuwa bahati.

Taa ya Ngamiani

Namshukuru Dada Bintishomvi, lakini mimi bado sijamaliza na suala la bahati. Mwaka 1947 Howe alipiga *Body and Soul*, filamu ya ngumi. Kabla yake ngumi mara nyingi zilipigwa picha kutoka nje ya kamba, kamera ikiwa imesimama mahali pamoja kama mtazamaji aliyelipia kiti. Yeye, kwa kuwa alikuwa amewahi kupigana ulingoni na anajua ulingo unavyomzunguka mtu aliyekula konde la taya, akavaa viatu vya magurudumu, akashika kamera ndogo mkononi, akaingia kati ya mabondia huku msaidizi wake akimsukuma. Picha inayumba, inachelewa, inamkaribia mtu hadi jasho linaonekana. Nani alimdondoshea viatu vile kutoka mbinguni?

Tazama pia *Sweet Smell of Success* ya mwaka 1957, iliyopigwa usiku katika mitaa ya New York penye magari na watu. Burt Lancaster anaigiza mwandishi wa gazeti mwenye miwani mizito, na Howe aliweka taa juu yake ili fremu za miwani zimwage kivuli mashavuni, hata uso ukafanana na fuvu. Mimi nimewahi kuijaribu taa ya juu namna ile kwa bwana harusi mmoja mwenye miwani, nikaona mara moja kwa nini wapigapicha wengi huikwepa: ukikosea kidogo tu, uso unaharibika kabisa. Kumwangazia hivyo nyota mkubwa kama Lancaster kunahitaji ujasiri na kunahitaji kuijua kazi.

Mzee wa Reli

Wanangu, Waswahili wamesema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Naomba nami nitoe langu bila kumkasirisha mtu. Filamu ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwongozaji. Kivuli cha miwani unachokisifu, mwanangu Taa, kisingekuwapo kama mwongozaji Alexander Mackendrick asingetaka mhusika yule aogopeshe. Kamera ya kwenye magurudumu isingeingia ulingoni bila idhini ya Robert Rossen, mwongozaji wa *Body and Soul*. Mpigapicha hodari ninamheshimu, lakini ni mtekelezaji wa shauri la mwenzake. Isipokuwa Toland peke yake, ambaye mwongozaji Orson Welles alikubali mwenyewe kuliweka jina lake pamoja na la kwake katika ubao mmoja wa majina mwishoni mwa *Citizen Kane*, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta picha inayoonyesha vitu vya karibu na vya mbali kwa ukali uleule, pamoja na vyumba vyenye dari.

Mwanafilamu wa Kisumu

Shikamoo Mzee wa Reli. Kwa heshima zote, umetumia mfano unaoibomoa hoja yako. Mwaka 1931, yaani miaka 10 kabla ya *Citizen Kane*, Howe alipiga *Transatlantic*, filamu ya mwongozaji William K. Howard inayotokea ndani ya meli ya abiria. Humo zimo lenzi pana, umo uwazi wa picha kutoka mbele hadi nyuma, na dari zimo pia, kwa sababu mtu aliye ndani ya meli ni lazima azihisi kuta na dari zikimbana. Toland alikuwa bingwa, na alikuwa na ukanda wa filamu uliohitaji mwanga mdogo zaidi na lenzi zilizopakwa dawa ya kupunguza mng'ao, vitu ambavyo mwaka 1931 havikuwapo. Hata hivyo, kumwita mwanzilishi ni kumnyang'anya mwenziwe. Na hapa ndipo jibu la swali la Ndugu Msomi lilipo: kazi ile ile ilifanywa na watu wawili, mmoja akaingia katika vitabu vyote, mwingine akabaki katika tanbihi.

Mizani

Toland hakuingia vitabuni kwa sababu ya rangi yake. Aliingia kwa sababu *Citizen Kane* ni filamu kubwa, na *Transatlantic* ni filamu ya burudani ambayo ni wachache waliowahi kuiona. Mpigapicha hupanda na kushuka pamoja na filamu aliyoipiga. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini si ubaguzi. Na kama tunazungumzia tuzo, Toland alishinda Oscar ya upigaji picha mara 1 tu, kwa *Wuthering Heights* ya mwaka 1939, na kwa *Citizen Kane* alishindwa. Howe anazo 2. Nani basi aliyenyimwa?

Msomi wa Pangani

Naomba turudi kwenye hoja, kwa sababu ubaguzi ninaouzungumzia haumo katika idadi ya sanamu za dhahabu. Sheria ya kuwazuia Wachina ilitungwa Marekani mwaka 1882 na haikufutwa hadi mwaka 1943, na muda huo wote mhamiaji wa Kichina hakuruhusiwa kupewa uraia. Howe alifika mwaka 1904. Kwa hiyo kwa miaka 39, hata baada ya kuwa miongoni mwa wapigapicha wanaojulikana sana katika tasnia ile, nchi aliyoitengenezea picha haikumkubali kuwa raia wake. Mwaka 1937 alifunga ndoa mjini Paris na mwandishi Sanora Babb, mwanamke mzungu, na California haikuitambua ndoa hiyo hadi mahakama ya juu ya jimbo ilipoiangusha sheria ya kuzuia ndoa za mchanganyiko mwaka 1948. Mume na mke walilazimika kuishi kama wapenzi wa siri, kila mmoja kwenye makazi yake, na mikataba ya studio ilikuwa na kifungu cha maadili ambacho kingeweza kumfukuzisha kazi. Wakati wa vita vya pili vya dunia alitembea na beji yenye maneno ya kusema kwamba yeye ni Mchina, ili asidhaniwe Mjapani.

Mkiyaweka kando hayo yote, bado kuna moja ambalo halijajibiwa na mtu yeyote hapa. Howe alitaka kuongoza filamu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alisafiri hadi China kupiga picha za mandhari kwa ajili ya filamu aliyokusudia kuiongoza mwenyewe, na filamu hiyo haikukamilika. Aliporudi alikuta sauti imeingia kwenye filamu na watayarishaji wanamwona mtu wa zamani. Ilimchukua hadi mwaka 1954 kuongoza *Go, Man, Go!*, inayohusu timu ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters, na wakati huo alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Mzee wangu wa Reli anasema filamu ni ya mwongozaji. Basi naomba anijibu: yule aliyefungiwa mlango wa uongozaji kwa takriban robo karne, tunampimaje kwa kipimo hicho hicho?

Mzee wa Reli

Marahaba mwanangu wa Kisumu. Ndugu Msomi, mambo ya ndoa yamenigusa na sina la kuongeza juu yake. Lakini neno "mtekelezaji" naona limewaudhi vijana, na mimi sikulisema kwa dharau. Niwape mfano mmoja wa kinyume chake. Katika *Picnic* ya mwaka 1955, picha inayosifiwa kuliko zote ni ile ya mwisho, inayopigwa kutoka angani kwa helikopta, ikilionyesha gari moshi na basi yakienda njia zao. Aliyeipiga ni Haskell Wexler, kijana aliyekuwa chini ya Howe. Jina kubwa kwenye filamu ni la Howe. Kama mnadai kwamba mwongozaji anakula sifa ya mpigapicha, semeni pia kwamba mpigapicha mkuu anakula sifa ya msaidizi wake.

Taa ya Ngamiani

Mzee wangu, mkuu wa picha hashiki kila kamera, na hilo halimpunguzii kitu. Ninapokuwa na vijana wawili ukumbini, mimi ndiye ninayeamua taa zikae wapi, wao wasimame wapi na lenzi ipi itumike, na picha zikiharibika wazazi wa bibi harusi hawamwiti kijana, wananiita mimi. Anayelaumiwa ndiye anayestahili kusifiwa. Howe ndiye aliyeijenga sura ya filamu ile yote, na picha ya helikopta inafaa kwa sababu inakubaliana na zilizoitangulia.

Mwanafilamu wa Kisumu

Wexler hakubaki msaidizi. Kwa filamu za mwaka 1966, ambao ulikuwa mwaka wa mwisho wa kutolewa tuzo mbili tofauti za upigaji picha, ya rangi na ya nyeusi na nyeupe, Howe aliteuliwa kwa *Seconds*, ile aliyotumia lenzi pana ajabu na kamera zilizofungwa kwenye mwili wa mwigizaji. Aliyemshinda alikuwa Wexler huyo huyo, kwa *Who's Afraid of Virginia Woolf?* Nimezitazama zote mbili, na kwa maoni yangu majaji walikosea, kwa sababu *Seconds* inamtia mtazamaji ndani ya hofu ya mtu mwingine kwa namna ambayo sijaiona katika filamu nyingine ya miaka ile.

Mizani

Hapo sasa tunapishana kabisa, Ndugu wa Kisumu. Ile ya Wexler sehemu kubwa inatokea katika nyumba moja kwa usiku mmoja wa hadithi, na nyuso za waigizaji Elizabeth Taylor na Richard Burton hazijafichwa kasoro hata moja. Ukitaka tuzijadili picha zile moja baada ya nyingine, anza wewe, nami nitakufuata.