Mrejesho: ile baa ya mtaani Tudor na kilo ya mbuzi

Wenzangu, ni mimi niliyeuliza majuzi kama ni haki kulipia kilo nzima ya mbuzi choma, halafu ubao ukaja na mafupa na vipande vya kuhesabu, tena bia ya moto. Asanteni kwa majibu.

Ijumaa nilirudi, nikafanya mlivyonishauri: nikaenda mwenyewe kwa mchomaji. Mizani imeegemea ndoo, hakujawekwa kitu, na mshale ushapita gramu 100! Nikamwambia, "Kaka, hebu irudishe sufuri kwanza." Akacheka, akairudisha. Kilo ikawa kilo. Motoni hupungua kweli, maji na mafuta yanatoka, lakini si kwa kiasi kile.

Kuhusu bia, dada anayehudumu kanieleza: sheria ya 2010 hairuhusu kuuza kabla ya saa 11 jioni siku za wiki, na friji huwashwa wakifungua tu, mwenye baa anabania stima. Kwa joto hili la Mombasa! Sasa naenda saa 2 usiku. Nalipa M-Pesa kwa namba ya baa, si ya mhudumu. Kachumbari bado wanatoza shilingi 50, hapo sijashinda.