Mtoa mada wa semina ya wastaafu amenivua nguo mbele ya ukumbi mzima

Wakuu, naandika nikiwa kwenye gari nje ya ukumbi, mikono inatetemeka. Mods msiuunganishe uzi huu na ule wa kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya wastaafu. Huu ni wa mtu mmoja, na mnamjua. Kila semina ya wastaafu watarajiwa hapa Dodoma yupo yeye, ile suti ya rangi ya maharage, kile kikalamu cha taa nyekundu anachomulikia ukutani. Jina silitaji, bado nasomesha.

Nimeuliza swali la adabu kabisa. Nimesimama, nimeshika maiki kwa mikono miwili, nimeanza na "shikamooni kwa wanaostahili". Nikasema mimi ni mwongoza ndege, kazi yetu ni ya zamu, usiku wenzetu wanakoroma sisi tuko mnarani. Posho za zamu ndizo zilizotulisha, lakini kwenye pensheni haziingii, unahesabiwa mshahara wa msingi tu. Je, kuna mpango wowote?

Akanitazama. Akatabasamu. Akasema: "Mzee wangu, si kazi yako kushusha? Basi na hela nazo zimeshuka salama. Kaa chini tuendelee."

Ukumbi ulicheka mpaka feni zikasimama. Kuna dereva, semina wala si yake, kaja kufuata soda, naye kacheka mpaka kashika ukuta. Nimeongoza ndege kwenye vumbi la mwezi wa tisa hapa Dodoma, rubani haoni na mimi sioni, hakuna aliyewahi kunicheka. Leo naambiwa "kaa chini". Mimi!

Tena hesabu yenyewe naijua kuliko yeye. Sisi tuliokuwa PSPF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, zamani miezi yako ya kazi iligawanywa kwa 540, ikazidishwa na mshahara wa mwaka, nusu yake ikazidishwa kwa 15.5, huo ndio mkupuo wako. Tangu Julai 2022 kigawanyo ni 580, cha kuzidisha ni 12.5, mshahara ni wastani wa miaka mitatu bora katika kumi ya mwisho, na mkupuo ukawa asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikasogeza hadi 40 kwa sisi tuliokuwa na 50, na 35 kwa wa mifuko iliyokuwa ikitoa 25. Chukua mtu wa milioni mbili kwa mwezi, miezi 360. Kwa zamani anatoka na milioni 124. Sasa anatoka na milioni 74 na laki nne na ushee. Ya kila mwezi imepanda kutoka laki sita na elfu 66 hadi laki saba na elfu 44, hilo sikatai. Ila ule mkupuo ndio nyumba, ndio trekta, ndio mahari ya kijana.

"Zimeshuka salama." Mshenzi.

Marekani mwongoza ndege wa serikali anatolewa mnarani akifika miaka 56, na kwa kila mwaka katika ile 20 ya kwanza anahesabiwa asilimia 1.7 ya wastani wa miaka yake mitatu bora, wakati mtumishi wa kawaida anaanzia asilimia 1. Wenzetu wamejua hii kazi inakula ubongo. Huku ni 60 kwa lazima, 55 kwa hiari, sawasawa na mtunza stoo. Nilitaka kulisema hilo pia, lakini ningesemaje nimeshaambiwa nikae chini?

Mtu_wa_Nzuguni: Nimevuta kiti. Ngoja waje wajuzi.

ChakiVumbi: Mkuu una posho ya zamu ya kulilia? Mimi mwalimu, Kondoa huku. Wanatafuta miaka mitatu bora, kwangu yote kumi inafanana, daraja halijapanda. Wachague tu wanayoitaka.

Kabwela60: Bila picha ya hiyo suti uzi haujakamilika.

Bogi_la_Kwanza: Kwani Dodoma bado kuna watu wanapanda ndege? Mimi najua SGR tu.

Mleta uzi: Bogi la Kwanza, treni yako ikipotea angani uniite.

Zabibu_Chachu: Mimi nilikuwa ukumbini. Nisamehe mzee wangu, nilicheka. Lile jibu lilikuwa kali, tuache unafiki.

Mleta uzi: Ulikaa wapi wewe?

Zabibu_Chachu: Nyuma, karibu na sambusa.

Nesi_Mstaafu: Kumbe mlipewa sambusa? Sisi wa afya ilikuwa maji, tena chupa ndogo, ya moto.

Mtu_wa_Nzuguni: Na nauli je? Sisi tulisaini karatasi ya nauli, hiyo nauli hatujaiona mpaka leo.

ChakiVumbi: Kusaini ni kwa ajili ya kumbukumbu mkuu, usiwe mgeni.

Mnara_Mwenza: Mleta uzi shukuru. Mimi kazi ileile, ila nilikuwa mfuko ule mwingine, wa asilimia 25, kabla hawajaiunganisha mifuko 2018. Mnara mmoja, maiki moja, wewe 40, mimi 35. Umenisikia nikilia?

Kabwela60: Ndiyo, sasa hivi.

Dalali_Makao_Makuu: Wakuu, kwa wanaosubiri mkupuo, nina viwanja Iyumbu, vimepimwa, barabara ipo, umeme uko jirani.

Mleta uzi: Jamani turudi kwa huyu mtu. Amesema NIKAE CHINI. Mbele ya watu niliowafundisha kazi.

Nesi_Mstaafu: Iyumbu maji yapo?

Dalali_Makao_Makuu: Yanakuja, mama.

Nesi_Mstaafu: Yanakuja kutoka wapi? Mimi nakaa hukohuko, mgao ni kusubiri usiku na ndoo.

Zabibu_Chachu: Bora nyie mnapata usiku. Huku kwetu tunanunua kwa dumu.

Bogi_la_Kwanza: Dalali, mita ngapi kwa ngapi? Na hati inatoka kwa nani, maana mwaka jana kaka yangu kauziwa kiwanja wenyewe wako watatu.

Dalali_Makao_Makuu: Njoo inbox.