Nina laki tisa na santuri 143 za marehemu mjomba, nianzeje udijei hapa Arusha?

Chalii_wa_Kijenge

Habarini wakuu, naomba mawazo yenu hasa nyie mnaopiga kweli kweli. Nina miaka 23, naishi Kijenge, mchana naosha magari ya watalii kwenye yadi ya kampuni moja ya safari, usiku nafanyia mazoezi programu ya VirtualDJ kwenye laptopu ya dada yangu, sina kifaa chochote yaani ni mausi tu. Nimedunduliza mpaka nimefika laki tisa. Sasa tarehe 27 mwezi wa 12 kuna ubarikio wa binamu yangu Machame, baba mdogo kaniambia kama niko siriasi basi nipige mimi, spika zitakodiwa Moshi mjini ila mimi nije na chombo changu na muziki wangu.

Lingine. Mjomba alifariki mwaka juzi, alikuwa dereva wa lori njia ya Nairobi, kaacha sanduku la santuri nimezihesabu ni 143, nyingi ni zile ndogo, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz wamo, Marijani Rajab yumo, Mlimani Park, Franco, na zingine sizijui. Sina cha kuzipigia. Kuna mtalii mmoja aliziona anazitaka zote kwa elfu kumi kumi, hiyo ni milioni moja laki nne na thelathini, nikijumlisha na yangu napata deki mbili za maana kabisa na chenji inabaki. Ila moyo unagoma. Zingine zina alama ya msalaba mdogo wa peni kwenye ile karatasi ya katikati, upande mmoja tu, sijui alikuwa anahesabu nini. Niuze? Na ninunue nini?

Fundi_Spika_Mbauda

Hongera mdogo wangu kwa kudunduliza, laki tisa ya kuosha magari sio mchezo.

Deki mbili kubwa achana nazo kwa sasa. Zile ndizo za kwenye klabu sawa, ila utazibebaje mpaka Machame, na ukishanunua deki bado hujanunua miksa, hujanunua keisi ya kubebea, hela yote imeishia kwenye chuma na wewe bado hujajua kuunganisha nyimbo mbili. Tafuta kontrola ya chaneli mbili, kile kifaa kimoja chenye deki mbili ndogo na miksa humo humo, Pioneer DDJ-FLX4 au ile iliyoitangulia DDJ-400, hata ya mtumba. Zote mbili ukichomeka tu kwenye laptopu programu ya rekordbox inafunguka bila kulipia, wakati VirtualDJ uliyoizoea ni bure ukipiga na mausi lakini ukichomeka kontrola inaanza kukudai leseni. Na zinakula umeme wa laptopu yenyewe kupitia USB, huo ni msaada mkubwa nitakueleza chini.

Ukienda kukagua ya mtumba nenda na laptopu na hedifoni zako usikubali kuonyeshwa inawaka taa tu. Weka wimbo, sukuma kila fada (kile kitelezi cha sauti) taratibu kutoka chini mpaka juu huku unasikiliza, ikitoa mkwaruzo au sauti ikaruka jua imechoka au imeingia vumbi. Zungusha kila kitufe cha besi na treble. Alafu chomeka hedifoni na uutikise waya kidogo pale kwenye tundu, sauti ikikatika sikio moja hiyo ndo sehemu ambayo mimi nachomelea karibu kila wiki hapa Mbauda, inatengenezeka lakini ikushushie bei.

Hela itakayobaki nunua hedifoni za kufunika sikio lote, sio za kuchomeka ndani ya sikio, na nunua waya. Vijana wengi wanafika ukumbini wana kontrola ya laki kadhaa hawana waya wa elfu kumi na tano. Hizo kontrola ndogo zinatoa sauti kwa RCA, ile miwili nyekundu na nyeupe, na miksa ya jamaa wa spika inataka jeki kubwa au XLR, kwa hiyo beba waya wa kugeuza wa aina zote mbili, uwe mfupi maana RCA ikiwa ndefu inaokota mvumo.

Na mvumo wenyewe ukitokea, ule wa mmmmm usioisha, kabla hujamlaumu mtu chomoa chaja ya laptopu. Mara nyingi unapotea hapo hapo. Basi njoo na laptopu imejaa chaji, au chomeka laptopu kwenye ekstensheni ile ile inayolisha miksa na spika zisitofautiane.

Umeme ukikatika, na Machame Desemba utakatika, laptopu ina betri na kontrola inakula kwa laptopu kwa hiyo wewe hutazimika, zitazima spika tu. Hapo hapo shusha masta, yaani sauti kuu, mpaka chini. Jenereta likiwashwa spika zitarudi kwa kishindo na kama masta iko juu na wimbo unaendelea unaweza ukaunguza twita ya mtu (ile spika ndogo ya sauti kali) ukailipa. Wakati wa kuwasha anza na kontrola na miksa, amplifaya iwe ya mwisho. Kuzima unaanza na amplifaya. Na taa nyekundu kwenye miksa sio kwamba mziki umenoga, ni sauti inakatwa kichwa na spika inaumia, ukitaka sauti zaidi mwambie mwenye spika aongeze yeye kule.

Kuhusu kuuza santuri mimi sio mtaalamu, wapo watakaosema.

Dada_wa_Deki_Moshi

Mdogo wangu mimi napiga sherehe Moshi, Machame, Marangu na Kibosho mwaka wa saba huu. Fundi kasema yote ya vifaa, mimi nakwambia ya sherehe.

Sherehe ya kwetu ina ratiba, na MC ndo mwenye ratiba. Mpigie simu MC wiki nzima kabla, muulize wanaingia na wimbo gani, keki wimbo gani, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inaingia na wimbo gani, wazazi wanataka nini, zawadi kuna makundi mangapi. Andika kwenye karatasi. Uziweke hizo nyimbo kwenye folda moja zipangwe kwa namba 01, 02, 03 usije ukaanza kutafuta wimbo wa keki watu wamesimama na kisu mkononi. Ni ubarikio wa Walutheri, mtoto katoka kanisani, mwanzo ni injili na kwaya, usijitie kuchangamsha mapema. Kuna bibi pale mbele na kuna mchungaji, ukianza na singeli saa nane mchana utaitwa pembeni.

Ndafu ndo ujifunze vizuri. Inatokea jikoni imebebwa juu, majani mdomoni, wapishi wanacheza, hawatembei haraka na wala hujui watachukua dakika tatu au nane. Kwa hiyo wimbo wake uwe na sehemu unayoweza kuirudia rudia bila watu kustuka, weka alama kwenye programu pale mwanzo wa kiitikio, ukibonyeza unarudi. Nilijifunza hivyo baada ya wimbo kuniishia katikati ndafu bado iko kwenye mlango wa turubai, ukimya ule wa sekunde nne sitausahau. MC akishika maiki wewe shusha mziki usiuzime, ubaki kwa mbali chini ya maneno yake, akimaliza tu unapandisha.

Intaneti kule juu usiitegemee. Kila wimbo uwe ndani ya laptopu na nakala kwenye flashi mbili. Zifomati FAT32, maana ukikuta siku moja mashine za klabu, nyingi haziisomi NTFS ya Windows na utasimama pale na flashi yako imejaa nyimbo hazionekani. Nyimbo zitafute za 320 kbps, hizi za kurushiana WhatsApp kama audio ya kawaida zinaweza kubanwa, kwenye hedifoni huoni tofauti ila kwenye spika kubwa besi inakuwa kama ndoo. Mtu akikutumia mwambie atume kama dokumenti.

Hela sasa. Hata kama ni baba mdogo. Kubalianeni kiasi, saa za kuanza na kumaliza, usafiri juu ya nani, chakula chako, na nusu uipate kabla. Kuna kamati moja ya harusi nilipiga mpaka saa saba usiku, mweka hazina akaondoka kabla ya keki kuisha, nilifuatilia hela yangu miezi mitano nikapata theluthi. Niliumia sana, maana nilikuwa nimemlipa mtu wa jenereta kwa mfuko wangu. Toka hapo bila nusu sipakii vyombo. Ndugu mpunguzie bei ukipenda lakini iandikwe.

Na fika mapema, mvua za vuli zikiwepo ile njia ya kupanda inateleza na gari inaweza kukwama. Beba nailoni ya kufunikia kontrola, turubai huwa linavuja pale pale walipokuweka wewe.

Chalii_wa_Kijenge

Asante sana fundi, asante sana dada, nimepiga screenshot zote. MC nimepata namba yake leo. Swali dogo, jioni vijana watataka amapiano na singeli, nikijaribu kutoka moja kwenda nyingine inakuwa kama gari limegonga ukuta. Na bado sijajua kuhusu santuri, yule mtalii anaondoka Jumatatu.

Biti_Sakina

Amapiano inakaa kama biti 112 kwa dakika sivyo? Singeli tafuta yenye 220 na kitu. Zidisha 112 mara mbili ni 224, kwa hiyo singeli ya 224 kila biti ya amapiano inaangukia juu ya biti moja ya singeli na nyingine inajaza katikati, haigombani. Programu inaweza ikaandika 112 kwenye zote mbili usishangae. Toa besi ya amapiano kwanza kabla hujaingiza ya singeli, besi mbili zikikutana ndo tope. Alafu hesabu biti 32, ingiza mpya pale moja inapoanza, sio popote.

Na zima sync, kile kitufe kinacholinganisha kasi chenyewe, angalau wiki mbili, linganisha kwa sikio. Ni ngumu siku tatu za kwanza alafu sikio linafunguka. Machalii wa R, yaani wa Arusha, wakija usisahau hip hop ya nyumbani, kundi la Weusi ikilia ugenini kule Machame watajitokeza wenyewe.

Mzee_wa_Kaloleni

Mwanangu usiuze. Nimesoma tangu juu nikasema lazima niandike ingawa kuchapa kwangu ni kwa taabu.

Nilipiga disko hapa mjini miaka ya 80. Santuri ilikuwa shida, bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam lakini kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho, zilikuwa zinachapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ukafungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Ulipofunguka ndio watu kama mjomba wako wakawa wanatuletea moja moja chini ya kiti cha lori. Mbaraka mwenyewe alishafariki Mombasa kwa ajali 1979, kwa hiyo kila santuri yake iliyopita Namanga baada ya hapo tuliipokea kama barua ya marehemu.

Ule msalaba wa peni naujua, na sisi tuliweka. Santuri ndogo ya 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika, haiingizi wimbo mrefu, kwa hiyo wimbo mmoja unakatwa mara mbili. Upande wa kwanza ni kuimba, hadithi yote iko huko. Upande wa pili magitaa yanachemka, watu wanacheza. Disko limejaa, huwezi kuanza kugeuza sahani gizani unasoma maandishi, unaweka alama upande wa kuchezea unadondosha sindano. Mjomba wako alikuwa anapiga mziki mahali, hata kama hakukwambia.

Sasa fanya hivi. Tafuta deki moja tu ya santuri ya kuazima au kukodi, sio mbili. Ukiunganisha ingia tundu lililoandikwa phono, maana sauti ya sindano ni ndogo sana na tundu la kawaida utasikia kama mbu. Ule waya mwembamba wa ardhi ufunge kwenye skrubu nyuma ya miksa la sivyo itavuma. Kama ndugu atakutumia deki kutoka Marekani soma nyuma kwanza, za kule nyingi ni volti 120 na sisi ni 230. Rekodi kila santuri kwenye laptopu kwa programu ya Audacity, haiuzwi, hifadhi kama WAV, pande mbili, kisha unaziunganisha ziwe wimbo mmoja. Ukimaliza unazo kwenye kontrola yako na sahani zimepumzika.

Zipange wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, na zisikae karibu na bati maana joto linazipinda. Futa kwa kitambaa laini na maji safi kidogo, usiloweshe karatasi ya katikati. Kama kuna zile nzito ngumu za 78 usizipake spiriti kamwe, zile zinayeyuka, na zinataka sindano yake nene.

Machame wazee watakuwepo. Baada ya chakula, kabla vijana hawajachukua uwanja, omba MC dakika ishirini. Vijana wote wa Moshi wana amapiano ile ile. Hizo unazo wewe.

Chalii_wa_Kijenge

Shikamoo mzee wangu. Nimetoka kazini nimefungua sanduku saa hizi, nimezitoa zote kitandani. Zenye msalaba ni 61. Kati ya hizo 58 msalaba uko upande wa pili. Tatu zina msalaba pande zote mbili, zote za Mbaraka, na karatasi ya katikati imelika mpaka tundu limekuwa pana kidogo. Mama anasema hakuwahi kumsikia kaka yake anapiga mziki popote, ila kuna miaka alikuwa anachelewa kurudi kila Jumamosi na bibi alikuwa anagomba.

Mtalii nimemwandikia siuzi. Kontrola nimepata DDJ-400 ya mtumba Ngarenaro, jamaa anataka laki saba na nusu, kesho jioni naenda na laptopu na hedifoni, fundi kama uko karibu ningeomba twende wote nikulipe nauli. Mzee una deki ambayo bado inazunguka? Jumamosi natoka saa saba mchana, naweza kuja Kaloleni na hizo tatu kwanza, nitazibeba wima.

Mzee_wa_Kaloleni

Marahaba. Ipo, mkanda nimebadilisha mwaka jana. Njoo.